Ufunguzi Rasmi wa Nyumba ya Mafukara ya Skelbrough

(Hotuba ya Diwani Clive Pemberton-Hoyle, Mjumbe Mwandamizi wa Halmashauri ya Mji anayeshughulikia Makazi, Urithi na Maegesho ya Magari, aliyoitoa Jumamosi ya pili ya mwezi Juni mbele ya lango la jengo. Mvua ya rasharasha. Viti mia moja na ishirini. Waliokaa ni arobaini na mmoja, wengi wao wapiga tarumbeta.)

Mheshimiwa Meya, pamoja na mkufu wako ambao leo unang'aa kuliko jua, jambo ambalo kwa Juni yetu si gumu. Mheshimiwa Mke wa Meya. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye mkufu wake ni mdogo lakini nao ni mkufu. Mchungaji wa Parokia ya Mtakatifu Oswald. Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Rangi za Fremu za Madirisha. Katibu wa Kamati Ndogo ya Kamati Ndogo hiyo. Bwana Gareth Pugh, mwanasheria wa Halmashauri. Bi Nasreen Akhtar, mtaalamu wetu wa viumbe hai. Bendi ya Tarumbeta ya kilichokuwa Kiwanda cha Sufu. Kina mama wa keki. Mabibi na mabwana. Na mwisho kabisa, kwa kuwa itifaki haikunipa mahali pengine pa kuwaweka, ninyi wananchi mnaongoja nyumba: nawaletea salamu kutoka moyoni mwangu na kutoka ofisini kwangu, ghorofa ya nne.

(Makofi ya watu sita.)

Nimesimama hapa leo kama nilivyosimama mwaka jana tulipozindua awamu ya maandalizi, na mwaka juzi tulipoandaa uzinduzi wa awamu hiyo, nikiwa na furaha isiyo na kifani, kutangaza kwamba Nyumba ya Mafukara ya Skelbrough, jengo ambalo katika enzi za Malkia Victoria lilipokea wasio na kitu na kuwalipa uji kwa jasho lao, linafunguliwa rasmi, kimkakati, kwa kushirikisha wadau wote na bila kumwacha mtu nyuma, kuwa makazi ya kisasa ya familia sitini na nne.

(Sauti ya mwanamke kutoka safu ya mbele: “Ufunguo uko wapi, Clive?”)

Naona tumeanza kupokea maoni ya wadau mapema, na hilo ni jambo jema, maana Halmashauri yangu ni sikivu. Kwa faida ya wageni, aliyesema ni Bibi Enid Oldroyd, umri wake miaka themanini na mitatu, aliyekuwa akipakua chakula katika shule ya msingi niliyosoma mimi, na huyo wa kando yake mwenye sanduku magotini ni mumewe, Bwana Cyril. Hawa, ndugu zangu, ndio mfano wa uzalendo. Walikubali kutuachia nyumba yao ya Mtaa wa Watengeneza Ngozi ili tupanue maegesho, kwa ahadi ya Nyumba Namba Kumi na Nne katika jengo hili, na kwa kipindi cha mpito, ambacho kwa sasa kina miaka mitatu na miezi minne, tumewahifadhi kwa viwango vya juu kabisa: Bibi katika hosteli ya wanawake mashariki ya mji, na Bwana katika hosteli ya wanaume magharibi ya mji, kwa kuwa kompyuta yetu hugawa vitanda kwa jinsia, na kompyuta haina upendeleo.

(Bibi Oldroyd: “Miaka sitini na miwili ya ndoa, tunaonana Jumamosi. Mabasi mawili.” Bwana Oldroyd: “Matatu, ukihesabu lile linalopotea.”)

Na leo ni Jumamosi. Mnaona wenyewe jinsi Halmashauri inavyopanga shughuli zake kwa kujali familia.

(Bibi Oldroyd: “Nimekuja na vitu vyangu vyote, mwanangu. Leo mimi sirudi mashariki. Nilikupakulia maharage miaka sita na hata siku moja sikukwambia ungoje awamu ya pili.” Vicheko. Mpiga tarumbeta mmoja acheka ndani ya tarumbeta.)

Nashukuru kwa kumbukumbu hiyo, ambayo katibu ataiingiza kwenye kumbukumbu. Sasa niwaombe wote, akiwemo mpakuaji wangu mpendwa, tulitazame jengo hili kwa jicho la kitaalamu. Waliolijenga mwaka 1839 walikuwa watu wa fikra pana. Umbo lake ni msalaba, na katikati ya msalaba kuna mnara wa pembe nane, na ndani ya mnara alikaa Msimamizi, ambaye kwa kugeuza kiti chake tu aliviona viwanja vyote vinne, akajua nani analegea kazini na nani anamrushia mkewe kipande cha mkate juu ya ukuta. Wakati ule waliita ulinzi. Sisi tunaita mtangamano wa kijamii unaoonekana kutoka pande zote. Viwanja vyenyewe ni cha wanaume, cha wanawake, cha wavulana na cha wasichana, vikiwa vimetengwa kwa kuta za futi kumi, maana mtu na mkewe walipoingia langoni waliagana hapo hapo, huyu kushoto na huyu kulia, na wapo wanaosema huo ulikuwa ukatili. Mimi nasema ni faragha, na faragha katika soko la nyumba la leo ni kitu adimu sana.

(Mwanamke mmoja wa keki amwangalia Bibi Oldroyd, kisha aangalia keki zake.)

Madirisha yamewekwa futi saba juu ya sakafu, ili mkazi apate mwanga bila kusumbuliwa na mandhari. Chumba walichopondea mawe kitakuwa chumba cha mazoezi ya viungo, na mawe yatabaki. Chumba walichovuliwa nguo na kumwagiwa dawa ya chawa kitakuwa chumba cha kujiburudisha kwa mvuke. Chumba cha maiti, ambacho kwa ujenzi wake wa asili hubaki baridi hata Agosti, kitahifadhi baiskeli.

(Bwana Oldroyd, kwa sauti kubwa ya mtu ambaye kifaa chake cha kusikia kina betri dhaifu: “Mama mzaa baba yangu alilazwa humo.”)

Historia ya familia, Bwana Oldroyd, huongeza thamani ya makazi, na napenda kutamka hapa hadharani kwamba hutatozwa pauni hata moja zaidi kwa ajili yake.

(Mchungaji akohoa.)

Sasa takwimu, kwa maana hotuba bila takwimu ni kama chai bila maziwa. Asilimia tisini na nne ya wananchi waliohojiwa, yaani watu kumi na sita kati ya kumi na saba, walithibitisha kwamba wamehojiwa. Vikao vilivyofanyika ni mia mbili na kumi. Kamati Ndogo ya Rangi peke yake ilikaa mara thelathini na nane kutafuta rangi halisi ya fremu za madirisha, ikakwangua, ikapeleka vumbi maabara, ikagawanyika kati ya wafuasi wa kijani na wafuasi wa kijani kisicho kijani sana, ikapoteza wajumbe wawili kwa kujiuzulu na mmoja kwa umri, na hatimaye, kwa kura moja, ikapata kijani kisicho kijani sana. Hilo ndilo ninaloliita uamuzi shirikishi.

(Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ainuka, apunga mkono, akaa. Sauti kutoka nyuma: “Kijani kile kile.”)

(Bibi Oldroyd: “Clive, mimi rangi yoyote nitaishi nayo. Namba kumi na nne iko wapi?”)

Mwenye macho haambiwi tazama. Ghorofa ya tatu, Bibi Oldroyd, dirisha la tano kutoka kushoto, lile lenye chungu cha maua mekundu na wale vijana wawili wanaokunywa kahawa.

(Wote wainua macho. Mbele ya jengo pametandazwa kitambaa kikubwa, kutoka juu ya jukwaa la mafundi hadi chini, kilichochapwa picha ya madirisha, maua na watu wenye meno meupe. Bwana Oldroyd: “Enid, hiyo ni picha.” Bibi Oldroyd: “Najua ni picha, mpenzi. Nangoja na yeye ajue.”)

Hicho ni kitambaa cha daraja la kwanza, kinachostahimili mvua na jua, ingawa la pili bado hatujapata fursa ya kulijaribu, na kinampa mkazi mtarajiwa uzoefu kamili wa

(Upepo wanyanyua kona ya kitambaa hadi ghorofa ya pili. Nyuma yake zaonekana kuta za mawe, hakuna fremu hata moja, hakuna paa. Mti wa mbetula umeota mahali palipokuwa ngazi. Njiwa atoka.)

uzoefu kamili wa bustani ya ndani. Ndiyo. Ninasikia minong'ono. Niseme kwa uwazi, kwa sababu uwazi ni nguzo yetu ya tatu. Vigae vya paa vilichukuliwa na watu wasiojulikana wakati Kamati ikiendelea na suala la rangi, na ghorofa zikafuata paa kwa mpangilio wake. Mafundi hawajaanza, wala hapana wa kumlaumu, kwa kuwa tulipokuwa tunajiandaa kujiandaa, tulikuta jambo ambalo nchi hii, kwa ustaarabu wake, haiwezi kulipuuza. Ndani ya mnara wa Msimamizi kulikuwa na popo.

(Watu kadhaa, kwa pamoja na kwa heshima: “Aa.”)

Popo wa masikio marefu, thelathini na mmoja. Na sheria, kama Bi Akhtar atakavyowathibitishia, hairuhusu mtu kugusa jengo lenye popo mpaka popo hao wapewe makazi mbadala yenye hadhi sawa au zaidi. Hapo, ndugu zangu, ndipo mlipoiona Halmashauri yenu ikifanya kazi. Tazameni kulia kwenu, kwenye kilichokuwa kiwanja cha wanawake, pale ukuta ulipobomoka. Jengo lile dogo la matofali, lenye paa la vigae vipya na fremu za kijani kisicho kijani sana, ndilo Kituo cha Makazi ya Popo, kilichojengwa kwa wiki kumi na moja kuanzia kibali hadi ufunguo. Darini ni popo. Chini ni chumba cha mkaguzi wa popo, mwenye kukaa siku kadhaa akiwahesabu, kwa hiyo kina jiko la umeme, maji ya moto, choo, na kitanda.

(Bibi Oldroyd: “Kitanda kimoja?” Bi Akhtar, mtaalamu, kutoka kwenye kiti chake: “Kimoja, bibi. Lakini ni kipana.”)

Na niwaambie jambo la kugusa moyo. Tulipendekeza, kwa ajili ya kubana matumizi, madume yakae sehemu moja na majike kwingine. Bi Akhtar alikataa katakata. Alisema kundi hili limezoeana, limekaa pamoja miaka mingi, na kulitenganisha ni kosa la jinai. Nilisimama katika kikao kile, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga, nikasema: hatutakuwa sisi, katika karne hii, wa kutenganisha viumbe walioishi pamoja.

(Makofi marefu. Bibi Oldroyd hapigi makofi. Amsemesha mumewe sikioni. Bwana Oldroyd achukua sanduku.)

Hiyo ndiyo dhana ya utu. Hiyo ndiyo Skelbrough ninayoiota ninapolala na ninayoisimamia ninapoamka.

(Bwana na Bibi Oldroyd wainuka. Kina mama wa keki wawapisha. Wavuka kiwanja polepole, Bibi amemshika mumewe mkono, mumewe ameshika sanduku.)

Naona wadau wetu wazee wanakwenda kukagua kituo. Mlango tumeuacha wazi makusudi ili wageni wajionee. Wapisheni, wapisheni. Hakuna kinachonifurahisha kama mwananchi anayefurahia mafanikio ya mwingine.

(Wameingia. Mlango wafungwa. Ufunguo wasikika ukizunguka mara mbili.)

Wamefunga ili upepo usiwasumbue popo. Nidhamu ya kizazi kile. Sasa, nikiendelea na nguzo yetu ya nne, ambayo ni

(Dirisha dogo la kituo lafunguka kidogo. Bibi Oldroyd: “Clive, usitungoje kwenye keki. Sisi tumefika.”)

Bibi Oldroyd, chumba hicho ni cha mkaguzi.

(Bibi Oldroyd: “Cyril ameshaanza kuhesabu. Amefika tisa.” Dirisha lafungwa.)

Mheshimiwa Meya, naomba uniwie radhi kwa nusu dakika. Gareth. Gareth, sogea. Usinong'one, mwanasheria wa Halmashauri hana cha kuficha. Nakuagiza mbele ya wananchi ufungue mlango ule na uwatoe wazee wale kwa upole.

(Bwana Pugh: “Siwezi, Diwani.”)

Huwezi au hutaki?

(Bi Akhtar ainuka, mkono juu kama mwanafunzi: “Haiwezekani, Diwani. Majike yananyonyesha sasa hivi. Kwa kuingia, wale wazee wamekosea, nitawaandikia barua. Lakini kuvunja mlango na kuburuta watu chini ya dari ile ni kuwashtua popo thelathini na mmoja pamoja na watoto. Faini yake haina kikomo, na kifungo kipo. Wao wakitulia humo ndani, hakuna kosa jingine. Na naomba upunguze hicho kipaza sauti, maana hata kelele ni usumbufu.”)

Mpaka lini?

(Bi Akhtar: “Hawa huchelewa kuondoka. Oktoba. Wakati mwingine hulala humo humo hadi masika.”)

(Diwani azima kipaza sauti. Kuanzia hapa hotuba ni ya kunong'ona. Wananchi wasogeza viti mbele, wakibeba badala ya kuburuta.)

Gareth, lazima kuna kifungu. Mimi ndiye niliyekijenga kituo hicho.

(Bwana Pugh, naye kwa kunong'ona: “Kipo. Mwenye mradi mkuu anaweza kuomba leseni maalumu ya kufungua mlango mapema. Inatolewa kwa siku tatu.”)

Tunayo. Mradi mkuu ni huu hapa nyuma yangu. Jaza fomu.

(Bwana Pugh: “Wanataka namba ya kibali cha mradi.”)

Jaza namba.

(Bwana Pugh aangalia viatu vyake, ambavyo vimelowa: “Hakuna namba, Diwani.”)

Imepotea?

(Bwana Pugh: “Haikuwahi kutolewa. Nimetafuta tangu Aprili. Idara ya Makazi ilidhani Urithi wameomba kibali, Urithi wakadhani Maegesho wameomba, na Maegesho wakasema wao waliomba maegesho tu, wakapata. Nyumba sitini na nne hazipo kwenye karatasi yoyote. Kilichoombewa kibali hapa ni kituo cha popo. Na kitambaa. Kitambaa kiliombewa kama tangazo.” Meya ashika mkufu wake. Mpiga ngoma wa bendi aliyekuwa karibu kupiga chafya aibana puani kwa vidole viwili, kwa ajili ya popo.)

Namba Kumi na Nne?

(Bwana Pugh: “Ni namba ya kiti chako kwenye ukumbi wa Halmashauri, Diwani. Nadhani ulikuwa umeiandika kwenye karatasi ile ile uliyowaandikia wazee ahadi yao.”)

Ndugu wananchi.

(Mvua.)

Ndugu wananchi, kiongozi hupimwa kwa uwezo wake wa kuikubali hali na kuiita mkakati. Kwa hiyo natamka, kwa sauti ya chini lakini kwa msimamo wa juu, kwamba awamu ya kwanza ya makazi katika eneo hili imekamilika saa hizi, mbele ya macho yenu, bila mkandarasi. Wazee walioahidiwa kuishi pamoja hapa walikuwa wawili. Wanaoishi pamoja hapa ni wawili. Hiyo ni asilimia mia moja, na nawaomba waandishi wa habari, yaani wewe dada wa jarida la parokia, uiandike kwa tarakimu na kwa maneno. Kuhusu familia nyingine sitini na tatu, tathmini ya kina itafanyika, na ninaona baadhi yenu tayari mmepanga foleni pale kituoni.

(Ni kweli. Watu kumi na wanne wamejipanga mbele ya mlango wa kituo, wa kwanza akiwa mwanamke wa keki. Hakuna aliyewaambia wajipange. Mtu mmoja auliza kwa kunong'ona: “Foleni ya nini?” Ajibiwa: “Sijui, lakini inasogea.” Haisogei.)

Sasa tuhitimishe kwa kaulimbiu zetu, na naomba mwitikio uwe wa chini kadiri ya sheria. Urithi wetu.

(Wananchi, kwa kunong'ona: “Makazi yetu.”)

Makazi yetu.

(Wananchi: “Fahari yetu.”)

Maegesho yetu.

(Wananchi: “Yamejaa.”)

Asanteni. Namshukuru Mheshimiwa Meya kwa kulowa pamoja nasi. Naishukuru Kamati Ndogo kwa rangi ya fremu za madirisha ambayo, siku madirisha yatakapopatikana, itakuwa tayari inayangoja. Nakishukuru kiwanda kilichochapa kitambaa, na wale vijana wawili wa kwenye picha, ambao nimeambiwa wanaishi Ureno. Nawashukuru wazee wetu kwa kuamini. Nawashukuru wataalamu, wahandisi, washauri na mafundi wote waliotoa jasho lao, ambao orodha yao haipo kwa kuwa nao hawapo. Na nawashukuru ninyi nyote kwa uvumilivu mliouonyesha kwa miaka mitatu na miezi minne kwa ajili ya mradi ambao, kwa taarifa niliyopewa dakika nne zilizopita, haukuwahi kuwepo, na ambao kwa sababu hiyo, napenda kuwathibitishia, haujachelewa hata siku moja.

(Hakuna makofi, Bi Akhtar amekataza. Dirisha la kituo lafunguka kidogo. Bibi Oldroyd, kwa kunong'ona: “Clive, umeongea vizuri. Sasa nenda nyumbani, mwanangu. Cyril amelala.” Diwani ainamisha kichwa, avua viatu, ashuka jukwaani kwa soksi.)